Ugezi wa altimita za rada zilizo angani kwa kutumia transponda ya ardhini: mwongozo kamili

Mwaka 1996 iligundulika kwamba hesabu iliyokuwa ikisahihisha osileta (kipiga mapigo ya saa ya ndani) ya altimita ya TOPEX, rada ya setilaiti inayopima umbali wake hadi usoni mwa bahari, iliyorushwa Agosti 1992, ilikuwa na kosa. Kifaa chenyewe hakikuwa na tatizo. Kosa lilikuwa kwenye programu ya huku chini, na lilikuwa limeongeza milimita kadhaa kwa mwaka kwenye kasi ya kupanda kwa usawa wa bahari. Bahari kwa wastani inapanda milimita tatu na kitu kwa mwaka, kwa hiyo kosa la namna hiyo linaweza kuzidi kitu chenyewe kinachopimwa. Vituo vya ardhini, kikiwemo jukwaa la mafuta la Harvest nje ya pwani ya California, vilikuwa vimeshaona mapema kwamba vipimo vya TOPEX vimeegemea upande mmoja kwa zaidi ya sentimita kumi.

Ndiyo maana altimita haiachwi ijisemee yenyewe. Lazima kuwe na mahali duniani ambapo umbali kati yake na ardhi unajulikana kwa njia isiyotegemea rada, ili kipimo chake kilinganishwe na umbali huo kila inapopita. Kulinganisha huko ndiko ugezi. Transponda ni mojawapo ya njia za kupata mahali hapo, na kwa kupima umbali mtupu naiona kuwa safi kuliko zote.

Altimita hupiga mapigo ya mawimbi kuelekea chini na kupima muda wa mwangwi kurudi. Altimita nyingi za bahari, zikiwemo za setilaiti za Jason-3, Sentinel-3, Sentinel-6 na CryoSat-2, hutumia masafa ya gigahezi 13.575. Transponda huupokea mpigo huo, huukuza, kisha huurudisha juu papo hapo bila kubadili masafa yake. Kwa altimita, uwanja mzima wa ardhi unabaki hafifu na nukta moja inang'aa. Ukijua nukta hiyo iko wapi kwa milimita, na setilaiti iko wapi kwa sentimita, umbali kati yao unakokotolewa kwa jiometria peke yake. Ukitoa umbali huo kutoka kwenye ule uliopimwa na altimita, kinachobaki ni mwegemeo wa altimita.

Ugezi wa baharini unadai mengi zaidi: vipimo vya maji ufukoni, geoidi ya eneo hilo (uso ambao bahari tulivu ingeufuata kwa uvutano wa dunia peke yake), mikondo, na athari ya mawimbi kwenye mwangwi. Transponda haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Lakini kwa sababu hiyohiyo haiwezi kukuambia kama altimita inapima vizuri bahari iliyochafuka. Ndiyo maana kule Krete, Ugiriki, transponda inayoitwa CDN1 imewekwa mlimani tangu 2015, na vituo vya bahari vya kisiwa cha Gavdos kusini yake vinaendelea na kazi. Baadaye Gavdos nayo ikapata transponda yake. Kituo kingine kinachojulikana kiko Svalbard, Norwe, kilichotumika sana kwa CryoSat-2.

Kabla ya hatua ya kwanza, shika jambo hili kwa sababu litaamua fedha na nguvu zako ziende wapi. Yapo makosa yanayopungua ukirudia kipimo, na yapo yasiyopungua hata ukirudia kwa miaka ishirini. Mtu anayeanza huhangaika na yale ya kwanza kwa kuwa yanaonekana kwenye grafu yakipanda na kushuka. Yale ya pili hayaonekani kabisa, na ndiyo yanayoharibu kazi.

1. Kuchagua mahali

Anza na ramani ya njia za setilaiti. Setilaiti za familia ya Jason na Sentinel-6 hurudi juu ya njia ileile kila baada ya siku 10 hivi, na Sentinel-3 kila baada ya siku 27. Hiyo ina maana ya nafasi kama 36 kwa mwaka kwa za kwanza, na 13 au 14 kwa ya pili kwenye njia moja. Mahali panapofaa zaidi ni pale njia ya kupanda inapokatana na njia ya kushuka, au njia za setilaiti mbili zinapokatana. Mlima wa CDN1 ulichaguliwa kwa mantiki hiyo: unazihudumia setilaiti zaidi ya moja, hivyo kifaa kilekile kinazilinganisha.

Kukaa nje kidogo ya njia si dhambi. Setilaiti yenyewe huyumba kushoto na kulia kwa hadi kilomita moja hivi. Kwa setilaiti iliyo kilomita 814 juu, kama Sentinel-3, kilomita moja ya pembeni huongeza umbali kwa karibu mita 0.7, na jiometria hulihesabu hilo lote. Ukienda mbali zaidi, transponda huanza kutoka katikati ya mwale wa antena na nguvu ya mwangwi hupungua.

Jambo la kuangalia kwa makini ni ardhi inayozunguka. Kutoka kimo hicho, mwale wa altimita hufunika duara lenye nusu kipenyo cha kilomita tisa au kumi hivi, na kila kitu kilicho ndani yake hurudisha mwangwi. Kwa hiyo kilele ni bora kuliko bonde. Transponda ikiwa juu kuliko ardhi ya jirani, mwangwi wake hufika kwanza na ule wa mabonde hufuata nyuma. Vilele vya mwangwi hizo mbili haviingiliani. Epuka maji yaliyotulia. Ziwa dogo tulivu hung'aa mno kwenye rada, na likiwa kwenye umbali uleule na transponda yako litakuchezea kila siku isiyo na upepo. Mlima una faida ya pili: hewa iliyo juu yako ni kidogo, kwa hiyo masahihisho ya angahewa na makosa yake ni madogo.

Nguzo isimame juu ya mwamba. Udongo wa mfinyanzi huvimba na kusinyaa kwa majira, na mwendo huo utaingia kwenye matokeo yako ukijifanya altimita inayumba.

Mwisho, transponda inarusha mawimbi, kwa hiyo inahitaji kibali cha mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika. Gigahezi 13.25 hadi 13.75 zimetengwa kimataifa pia kwa ajili ya vihisi vya setilaiti vinavyochunguza dunia, jambo linalorahisisha ombi lako. Anza mapema, karatasi huchukua muda mrefu kuliko zege kukauka.

2. Transponda yenyewe

Muundo wake ni rahisi kueleza: antena ya kupokea, chujio la masafa, kikuza chenye kelele ndogo, vikuza vingine, chujio tena, na antena ya kurusha. Ugumu wa kwanza ni kuzuia mawimbi yanayorushwa yasirudi kwenye antena ya kupokea. Yakirudi, transponda hujilisha yenyewe na kuanza kupiga mluzi, kama kipaza sauti kilichowekwa mbele ya spika. Utengano wa antena mbili kwa desibeli uzidi ukuzaji wa ndani kwa nafasi ya kutosha, na upimwe mahali pa kazi baada ya kufunga uzio, paa na nguzo, kwa kuwa bati moja la karibu linaweza kuurudisha mwale.

Ugumu wa pili, ambao kwangu ndio kiini cha kazi yote, ni ucheleweshaji wa ndani. Mpigo unapopita kwenye vichujio, nyaya na vikuza hupoteza muda, na altimita huuona muda huo kama umbali. Nanosekunde moja ni sentimita 15. Ukitaka uhakika wa milimita 5, unatakiwa kuujua ucheleweshaji kwa pikosekunde 33. Zingatia nusu hapa: umbali unaoongezeka ni kasi ya mwanga mara ucheleweshaji, gawanya kwa mbili, kwa kuwa altimita huhesabu safari ya kwenda na kurudi. Kusahau nusu hiyo ni kosa la mita kadhaa, lakini angalau litaonekana. Kosa la pikosekunde 60 halitaonekana kamwe.

Pima ucheleweshaji kwenye chumba kisicho na mwangwi, transponda ikiwa kamili na antena zake, kwa masafa yote ya upana wa megahezi 320 ambao altimita hutumia. Usipime vipande kimoja kimoja kisha ukajumlisha. Viungo kati ya vipande vina tabia zao. Rudia kipimo kwa joto tofauti, kwa sababu vichujio na vikuza hubadilika na joto. Kisha chagua moja kati ya mawili: kudhibiti joto ndani ya sanduku, au kuweka vipimajoto kwenye sehemu nyeti na kutumia mkunjo wa ucheleweshaji kwa joto uliopimwa maabara. Ningefanya yote mawili. Njia ya ndani ya kujipima, inayopitisha ishara ya mfano kabla na baada ya kila pasi (kila mara setilaiti inapopita), ni nyongeza yenye thamani kubwa, mradi uelewe kwamba haipimi antena.

Kipimo cha maabara kinapokamilika, andika umbali huo umehesabiwa kuanzia wapi. Lazima kuwe na alama ya chuma kwenye mwili wa transponda, inayoonekana na inayofikika kwa vifaa vya upimaji ardhi, na ripoti iseme wazi kwamba ucheleweshaji ni kati ya mpigo kupita kwenye usawa wa alama hiyo ukishuka na kupita tena ukipanda. Ripoti inayotaja namba bila kutaja alama haina kazi.

3. Kuipa alama anwani yake duniani

Weka antena ya GNSS (mifumo ya setilaiti ya kujua mahali, kama GPS) ya kudumu karibu na transponda, ikiwezekana mbili, ili moja ikihama nyingine ikuambie. Zipime mfululizo kwa miezi, si kwa siku. Viwianishi vyake vitolewe kwenye fremu ya marejeo ya kimataifa (mfumo wa pamoja wa kutaja mahali duniani), ambayo sasa ni ITRF2020, pamoja na kasi ya kuhama. Ardhi haitulii: mabamba ya dunia husogea sentimita kadhaa kwa mwaka kwa mlalo, na mahali penye matetemeko kama Krete huweza kupanda au kushuka ghafla.

Kisha hamisha kimo kutoka antena ya GNSS hadi kwenye alama ya transponda kwa upimaji wa kawaida wa tofauti za vimo na kwa kifaa cha pembe na umbali. Umbali wenyewe ni mita chache tu, na kwa sababu hiyo watu hufanya kazi hii harakaharaka. Hapa ndipo nukta ya rejea ya antena huchanganywa na kitovu chake cha awamu, yaani mahali ambapo mawimbi huhesabiwa kuwa yamepokelewa, tofauti inayoweza kufika sentimita kadhaa, na kosa hilo hukaa kwenye data milele. Fanya mara mbili, kwa watu wawili tofauti, kwa siku tofauti, kila mmoja akokotoe bila kuona ya mwenzake. Rudia kila mwaka na baada ya kila tetemeko.

Hakikisha pia kwamba fremu uliyotumia ndiyo iliyotumika kukokotoa obiti ya setilaiti. Ukichanganya fremu mbili, tofauti yao itaingia moja kwa moja kwenye mwegemeo.

4. Kabla ya setilaiti kupita

Altimita haisikilizi wakati wote. Hufungua dirisha dogo la kupokea, lenye kina cha mita 60 hivi kwa Sentinel-3, na kulisogeza kufuata uso wa chini. Juu ya milima hupotea kirahisi. Kwa hiyo waendeshaji wa setilaiti wanapaswa kuweka kimo cha transponda yako kwenye jedwali lililomo ndani ya altimita, ili ikifika pale dirisha lifunguke mahali sahihi bila kutafuta. Makubaliano haya yafanywe miezi mingi kabla. Bila hayo, transponda nzuri kuliko zote itarudisha mapigo yasiyosikilizwa na mtu.

Washa transponda dakika chache kabla, ielekeze juu sawasawa, na iache joto litulie. Ikishapita, zima, isisumbue setilaiti nyingine. Rekodi joto la ndani, umeme, mgandamizo wa hewa, joto la nje na unyevu kwa muda wote huo. Barometa yako nayo ihakikiwe, kwa sababu hektopaskali moja ni milimita 2.3 za umbali.

5. Kusoma mwangwi

Pasi nzima huchukua sekunde mbili au tatu. Ukichora mwangwi kwa muda, transponda huonekana kama mkunjo wenye umbo la bakuli: umbali ni mrefu setilaiti ikija, mfupi kabisa ikiwa juu yake, mrefu tena ikiondoka. Kwa setilaiti iliyo kilomita 814, sekunde moja kabla ya kufika, umbali ni mrefu kwa karibu mita 31 kuliko pale utakapokuwa mfupi kabisa. Kwa hiyo mkunjo hulijaza dirisha lote.

Kwa altimita za kizamani zinazojumlisha mapigo, kama ya Jason-3, unapata mwangwi 20 kwa sekunde. Tafuta kilele cha kila mwangwi, kisha pitisha mkunjo wa kinadharia katikati ya vilele hivyo na usome sehemu yake ya chini. Kwa altimita zinazotumia Dopla (badiliko la masafa linalotokana na mwendo), kama Sentinel-3 na CryoSat-2, mapigo hutumwa kwa mafungu (CryoSat-2 hutuma 64 kwa fungu, kwa kasi ya zaidi ya elfu 18 kwa sekunde), na uchakataji huelekeza miale mingi myembamba kwenye transponda kutoka pembe tofauti. Sahihisha umbali wa kila mwale kwa jiometria, kisha panga miale yote kwa safu. Kila kitu kikiwa sawa, vilele hukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Mstari huo utazame kwa makini, una mengi ya kusema. Ukiinama upande mmoja, kuna hitilafu ya saa: muda ulioandikwa kwenye data si muda halisi wa kipimo. Ukijikunja, kimo au kasi uliyotumia kwenye jiometria ina kosa. Hitilafu ya saa si jambo dogo. Milisekunde moja ni mita saba hivi za safari, na kwa kuwa setilaiti hupanda na kushuka kuhusiana na uso wa dunia kwa kasi inayoweza kufika mita 20 kwa sekunde, milisekunde hiyohiyo huleta sentimita mbili za kosa juu ya bahari. Transponda hukupa namba hii kwa usahihi ambao bahari haiwezi kukupa.

Sahihisho la Dopla lisisahaulike. Mpigo wa altimita hauna masafa mamoja. Hupanda au kushuka ndani ya muda wake, na ndiyo sababu badiliko la masafa linalotokana na mwendo huonekana kama badiliko la umbali. Pembezoni mwa mkunjo linaweza kuzidi sentimita kumi, na chini kabisa ya mkunjo ni sifuri. Ukikosea alama yake, mkunjo wote utahama kushoto au kulia na utadhani saa ndiyo yenye kosa.

Hatua moja ya kipimo ndani ya dirisha ni karibu mita 0.47, nawe unatafuta milimita. Ongeza wingi wa nukta kwa kujaza sifuri kabla ya kugeuza ishara kuwa umbali, kisha linganisha umbo la kilele na umbo la mwitiko wa altimita yenyewe. Kilele cha transponda ni safi na chembamba, kwa hiyo usahihi huo unapatikana bila nguvu nyingi.

Tumia pia masahihisho ya kifaa yanayokuja na data: njia ya ndani ya altimita, na osileta yake. Osileta ikikosea sehemu moja kwa bilioni, umbali wa kilomita 1,336, kama wa TOPEX na Jason, hukosewa kwa milimita 1.3. Hiki ndicho kipengele kilichoiponza TOPEX, kwa hiyo hakikisha sahihisho lake halijawekwa mara mbili wala kusahaulika.

6. Umbali wa jiometria

Chukua obiti iliyokokotolewa kwa usahihi wa juu, si ile ya haraka. Inatokana na DORIS (mfumo wa vituo vya redio vya ardhini), GNSS na leza, na kimo chake hujulikana kwa sentimita moja au mbili. Obiti huelezea kitovu cha uzito wa setilaiti, kwa hiyo ongeza umbali kutoka hapo hadi nukta ya rejea ya antena, ukizingatia setilaiti imeelekea wapi wakati ule. Kitovu cha uzito husogea mafuta yanapotumika. Tumia jedwali la tarehe husika.

Upande wa ardhini, alama ya transponda ihamishwe hadi mahali ilipokuwa sekunde ile. Ardhi ngumu huvutwa na mwezi na jua, ikapanda na kushuka kwa zaidi ya sentimita ishirini. Ongeza uzito wa maji ya bahari yanayojaa na kupwa, na kuyumba kwa ncha ya dunia. Kisha chora mkunjo wa umbali kati ya nukta hizi mbili na utafute mfupi wake. Ukilinganisha mfupi kwa mfupi, hitilafu ya saa haichafui mwegemeo wa umbali. Hubaki peke yake kama tofauti ya muda kati ya nukta za chini za mikunjo miwili.

7. Angahewa

Hewa kavu huchelewesha mwangwi kwa mita 2.3 kwenye usawa wa bahari. Huhesabika vizuri kutokana na mgandamizo uliopimwa kituoni. Mvuke wa maji huleta sentimita chache hadi kama 40 na hubadilika kwa saa. Usitegemee radiomita iliyo kwenye setilaiti, ile inayopima mvuke huo. Juu ya nchi kavu joto la ardhi huiharibia kazi. GNSS ya kituoni hutoa jumla ya ucheleweshaji wa wima, ukitoa sehemu kavu unabaki na mvuke. Kumbuka tofauti ya kimo kati ya antena ya GNSS na transponda: mita kumi ni karibu milimita tatu za sehemu kavu.

Ucheleweshaji wa ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye elektroni huru, hupatikana pia kwa GNSS. Kizio kimoja cha elektroni, yaani TECU moja, ni milimita 2.2 kwa gigahezi 13.575. Lakini setilaiti za GNSS ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu, nayo altimita yako iko chini zaidi. Elektroni zilizo juu yake haziihusu, zipunguzwe kwa modeli.

8. Pasi moja kwa namba

Tuseme altimita imesoma mita 814,012.487, baada ya masahihisho ya kifaa. Transponda ina ucheleweshaji wa nanosekunde 41.36, sawa na mita 6.200. Mgandamizo mlimani, mita 1,050 juu ya bahari, ni hektopaskali 893, sawa na mita 2.036 za hewa kavu. Mvuke ni mita 0.112. Ionosfia ni TECU 20, sawa na mita 0.044.

814,012.487 − 6.200 − 2.036 − 0.112 − 0.044 = 814,004.095

Jiometria imetoa mita 814,004.083. Mwegemeo ni milimita 12 kwa kuongeza: altimita inapima mbali kuliko ukweli, kwa hiyo bahari itaonekana chini kwa milimita 12. Andika alama hiyo kwa maneno kila unapotoa ripoti. Wengine huripoti mwegemeo wa umbali, wengine mwegemeo wa usawa wa bahari, na alama zao hupingana.

9. Mashaka ya kipimo

Sasa rudi kwenye yale makundi mawili. Chukua kiasi hiki cha mfano: obiti milimita 15, mvuke 7, hewa kavu 2, ionosfia 4, kusoma kilele 5. Haya hubadilika kila pasi. Jumla yake kwa kipeuo cha jumla ya miraba ni 17.9. Halafu ucheleweshaji wa ndani milimita 10 na kimo cha alama 5. Haya hayabadiliki, na jumla yake ni 11.2. Kwa pasi moja, yote pamoja ni milimita 21.

Kwa pasi 30, kundi la kwanza hugawanywa kwa kipeuo cha 30 na kuwa 3.3. Kundi la pili hubaki 11.2. Jumla ni 11.6. Ukiendelea hadi pasi 300, jumla itashuka hadi 11.2 tu. Miaka yote hiyo imekununulia chini ya nusu milimita, ilhali kurudi maabara na kupunguza shaka ya ucheleweshaji kutoka 10 hadi 4 kungeifikisha kwenye 7.2 siku hiyohiyo, kwa pasi zilezile 30. Hata ile 15 ya obiti isiaminiwe yote kuwa ya bahati nasibu. Sehemu yake hujirudia mahali palepale kwenye njia ileile, na ndiyo sababu pasi za kupanda na za kushuka zitengwe kwanza, zilinganishwe, kisha ndipo zichanganywe.

10. Kusoma mfululizo

Mwegemeo wa kudumu ukishajulikana unasahihishwa, na hapo bahari haijapoteza kitu. Data za mwanzo za CryoSat-2 zilikuwa na mwegemeo wa umbali wa karibu sentimita 67 na hitilafu ya saa ya karibu nusu milisekunde, yote yakathibitishwa kwa transponda na kuondolewa. Kinachotisha ni mwegemeo unaokua. Chora kila pasi kwa tarehe, pitisha mstari, na utaje mteremko pamoja na shaka yake. Mteremko ukijitokeza, chunguza ardhi kabla ya kuituhumu altimita: je, GNSS mbili bado zinakubaliana, joto la sanduku limebadilika, kuna kiungo cha waya kilichofunguliwa na kufungwa tena, fremu ya obiti imebadilishwa toleo? Ukiwa na setilaiti mbili zinazopita juu ya transponda moja, mteremko unaoonekana kwa zote mbili una uwezekano mkubwa wa kuwa wako. Unaoonekana kwa moja peke yake, peleka ripoti kwa waendeshaji wake, pamoja na data ghafi za kila pasi, zikiwemo zile ulizozitupa na sababu ya kuzitupa.